Tableti Mlizoniagiza

Guangzhou, Juni

Ndugu zangu wa Tanga,

Huku joto halitupi nafasi.

Ujumbe wenu nimeupata: tableti tatu, ili likizo hii watoto watulie ndani, wasizurure. Bei huku si kubwa na mzigo naumudu, lakini sileti. Nimeweka mipira miwili na kamba za kuruka. Kabla hamjaninunia, nisikilizeni.

Huku shule zinakaribia kufungwa, na Julai na Agosti ni likizo tupu. Kwa hili joto, watoto wengi watashinda ndani na simu. Mtaani kwetu maduka ya miwani yamejaa, na ukiingia unakutana na vitoto vya darasa la pili vinavyosoma kitabu bila shida ila ubao havioni. Jicho la mtoto linakua. Likirefuka kupita kiasi, taswira ya kitu cha mbali huishia mbele ya retina badala ya kutua juu yake. Likisharefuka halirudi. Miwani humsaidia kuona, lakini jicho haiwezi kulifupisha, na namba ya miwani ikizidi kupanda, ukubwani anakuwa katika hatari zaidi ya retina kubanduka.

Watafiti wa mji huuhuu walichukua shule 12 za msingi. Mwaka 2010, katika nusu ya shule hizo, watoto wa darasa la kwanza waliongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya masomo, na wazazi wakahimizwa kuwatoa wikendi na likizo. Baada ya miaka 3, waliopata shida ya kuona mbali walikuwa asilimia 30.4, na katika shule zisizobadili ratiba, asilimia 39.5. Si muujiza, lakini dawa yenyewe ni ya bure. Inadhaniwa mwanga wa mchana huifanya retina itoe dopamini, inayopunguza kasi ya jicho kurefuka. Kivuli cha mwembe wa Bibi nacho kinafaa, maana kina mwanga mwingi kuliko sebule iliyowashwa taa zote.

Kwa hiyo watoeni asubuhi, watoeni jioni, ifike kama saa mbili kwa siku. Kofia kichwani, na wasilikodolee jua. Wacheze rede, wacheze kombolela, na Shangazi aache kuwaita wahuni.

Manati tu ndiyo mnyang'anye. Mtoto akichomwa jichoni, msilisugue, msitie maziwa ya mama wala majani. Lifunikeni bila kulibana, mkimbilie hospitali ya Bombo siku hiyohiyo.

Na yule wa darasa la tatu anayesogelea televisheni na kukunja uso akitazama mbali, mnayemchapa kwa kunakili vibaya ubaoni, akapimwe macho kabla shule hazijafunguliwa. Akiandikiwa miwani, niambieni bei. Hiyo nalipa mimi.

Ndugu yenu