Ghala Dogo la Nyumbani

Kusi linapovuma na bahari kuchafuka, samaki huadimika na nyumba nyingi huanza kukopa dukani. Hapo ndipo tunapokumbuka kuwa kaskazi ilipita nasi hatukuweka chochote. Ilhali Surat Yusuf yatufunza kuweka akiba wakati wa neema, na nafaka kuachwa katika mashuke yake isiharibike.

Akiba haihitaji fedha nyingi kwa mara moja. Kila wiki tuongeze kibaba kimoja juu ya mahitaji yetu: leo mchele, wiki ijayo pojo, kisha kunde, mbaazi, tende, ng'onda na achari ya maembe. Mahindi matupu hushibisha, lakini hayatoshi kuujenga mwili wa mtoto.

Adui mkubwa hapa pwani ni unyevu. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na wilaya jirani, watu 125 walifariki kwa kula mahindi yenye sumu ya ukungu. Basi tupime: tutie punje na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo, tuitikise, tuiache itulie. Chumvi ikigandamana na chupa, nafaka irudi juani. Iliyoota ukungu isiliwe, wala wasipewe kuku. Na kilichotangulia kuwekwa ndicho kitangulie kuliwa.

Wala tusichanganye akiba na ulanguzi. Kuficha chakula ili bei ipande kumekatazwa katika dini yetu. Jirani mwenye njaa akibisha hodi, ghala lifunguliwe.