Kipimo cha Kuazima Hakipimi Mpunga wa Dakawa

Mkulima wa mpunga wa Dakawa anaijua lumbesa. Amekwisha kuliona gunia lililovishwa kilemba juu ya mdomo wake likinunuliwa kwa bei ya gunia moja, na jasho lake likaondoka na lori. Sheria ya vipimo imeikataza lumbesa, na maofisa wa vipimo wamekuwa wakiifukuza huku na huko. Lakini tukiulizana kwa dhati kwa nini mkulima yule aliibiwa, jawabu halitakuwa kwamba alikosa mpunga. Mpunga alikuwa nao. Kitu ambacho hakuwa nacho ni kipimo. Kipimo kilikuwa mikononi mwa mtu mwingine.

Leo imeingia lumbesa ya aina nyingine, nayo ni ya hatari zaidi kwa sababu haionekani kwa macho. Hiyo ni lumbesa ya gesi.

Yafaa jambo hili lielezwe tangu mwanzo. Shamba la mpunga linapofunikwa maji kwa muda mrefu, udongo wake hukosa oksijeni. Vijidudu vilivyomo humo hula mabaki ya mizizi na majani, kisha hutoa gesi ya methani, ambayo sehemu yake kubwa hupanda hadi hewani kwa kupitia ndani ya bua la mpunga lenyewe. Kwa hesabu inayotumika katika taarifa za mataifa, kilo moja ya methani huongeza joto la dunia kwa miaka 100 sawasawa na kilo 28 za hewa ukaa. Kwa hiyo miradi ya kaboni, wanunuzi wa nje na hata ofisi zetu wenyewe sasa wanauliza: hekta moja ya mpunga inatoa gesi kiasi gani?

Hakuna ofisa anayekwenda shambani kuipima gesi hiyo kila asubuhi. Anachofanya ni kuchukua ukubwa wa shamba na idadi ya siku, kisha kuzidisha kwa tarakimu iliyokwisha kuandaliwa. Tarakimu hiyo ndiyo kizidishi cha gesi. Mwalimu wa hesabu ataelewa mara moja kwamba katika hesabu ya namna hii, anayekimiliki kizidishi ndiye anayelimiliki jibu.

Sasa tumfikirie mtumishi wa umma aliyeketi mbele ya kompyuta, amefunguliwa programu ya kukokotoa kaboni, naye ameagizwa aandike hesabu ya mpunga wa Dakawa. Anaandika katika kisanduku cha kutafutia: mpunga, Tanzania. Haoni kitu. Anaandika: mpunga, Afrika Mashariki. Haoni kitu. Anafuta neno la nchi, na hapo kompyuta inammwagia orodha ndefu: mpunga wa India, mpunga wa China, mpunga wa Marekani, na mwishoni mpunga wa kile kinachoitwa "nchi nyinginezo duniani". Saa za kazi zinakwisha na mkubwa wake anaingoja taarifa. Anabonyeza "nchi nyinginezo", anapiga chapa, anatia saini. Kuanzia siku hiyo Dakawa, yenye jina, yenye mfereji na yenye watu, imekuwa "nchi nyinginezo".

Pengine msomaji atasema kwamba ofisa huyo hakutafuta vizuri. Angefungua mwongozo wa Jopo la Kimataifa la Mabadiliko ya Tabianchi, IPCC, ambao hauna ubishi. Haya, na tuufungue. Mwongozo wa mwaka 2006 ulitoa kizidishi kimoja kwa dunia nzima: kilo 1.30 za methani kwa hekta kwa siku. Mwaka 2019 ulifanyiwa marekebisho, na mabara yakagawiwa tarakimu zao. Ulaya ilipewa 1.56. Amerika ya Kaskazini ilipewa 0.65. Asia ya Kusini ilipewa 0.85. Na Afrika? Afrika ilipewa 1.19. Lakini tazama mstari wa dunia nzima katika jedwali hilo hilo: nao ni 1.19. Si kwamba tarakimu zimefanana kwa bahati. Mwongozo wenyewe unaeleza kwamba vipimo vya Afrika havikutosha, kwa hiyo Afrika ikapewa wastani wa dunia. Yaani tulipofika mezani tulikuta sahani yenye jina letu, na ndani yake chakula kilichopikwa kwa watu wengine.

Wala haya si mambo ya wataalamu kubishana wenyewe kwa wenyewe. Wastani huo wa 1.19 una ukingo wa chini wa 0.80 na ukingo wa juu wa 1.76. Chukua shamba la umwagiliaji la Dakawa, lenye hekta 2,000 hivi, lililojengwa wakati wa NAFCO na ambalo baadaye liliingia mikononi mwa wakulima wadogo na ushirika wao. Tuseme lote limefunikwa maji kwa msimu wa siku 113, bila samadi wala majani kufukiwa. Kwa ukingo wa chini, shamba hilo linatoa gesi sawa na tani 5,000 hivi za hewa ukaa. Kwa ukingo wa juu, ni tani 11,000 hivi. Shamba ni lile lile, maji yale yale na wakulima wale wale, lakini hesabu imepishana zaidi ya mara mbili!

Tusogee mbele kidogo, kwenye fedha. Huko Mkindo, katika wilaya hiyo hiyo ya Mvomero, wakulima na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo wamekwisha kukijaribu kilimo shadidi, ambacho shamba huachwa likauke na kumwagiliwa tena kwa zamu. Mwongozo wa 2019 unakubali kwamba kukausha shamba mara kadhaa kwa msimu hupunguza methani kwa asilimia 45. Lakini asilimia 45 ya nini? Kwa ukingo wa chini, mkulima ameokoa tani 1.1 kwa hekta. Kwa ukingo wa juu, ameokoa tani 2.5. Akija mnunuzi wa kaboni na kizidishi kidogo, mkulima atakuwa amepunjwa. Akija dalali na kizidishi kikubwa, vyeti vitauzwa kwa hewa isiyokuwapo, na siku ya ukaguzi aibu itakuwa ya mkulima na ya nchi yake, wakati dalali amekwisha kupanda ndege. Katika hali zote mbili mwenye shamba hana neno la kusema, kwa kuwa hana kipimo.

Na si methani peke yake. Mbolea ya chumvichumvi nayo ina kizidishi chake. Katika mwongozo wa 2006, kizidishi cha shamba kavu ni 0.01, na cha jaruba lenye maji ni 0.003. Asiyejua tofauti hiyo akibonyeza mstari wa kwanza anaouona, amemtwisha mkulima mzigo zaidi ya mara tatu. Maji ya Mto Wami huvutwa kwa pampu za umeme, na umeme una kizidishi pia. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kuingiza umeme katika gridi mwezi Februari 2024, na mitambo yake yote tisa, yenye uwezo wa megawati 2,115, ilikamilika mwaka 2025. Mtu akichukua kizidishi cha miaka ya nyuma, wakati gesi asilia ilipobeba sehemu kubwa zaidi ya umeme wetu, atakuwa amelifuta bwawa zima kwa kubonyeza kidole mara moja.

Wapo watakaosema kwamba Tanzania inatoa gesi kidogo mno, kwa nini tuhangaike? Tuhangaike kwa sababu tumeingia sokoni. Kanuni za biashara ya kaboni zilitolewa mwaka 2022, na muuzaji asiyejua uzito wa mali yake hana tofauti na yule wa lumbesa. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Wapo watakaosema kwamba vipimo ni ghali. Hakuna anayeomba miujiza. Njia inayotumika sana ni kisanduku kisichopitisha hewa, hufunikwa juu ya mashina ya mpunga, hewa yake ikavutwa kwa bomba la sindano kila baada ya dakika kadhaa na kupelekwa maabara. Dakawa ina kituo cha utafiti wa kilimo. Morogoro mjini, mwendo usiofika kilomita hamsini, kuna Chuo cha Sokoine, na ndani yake kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni. Mbegu ya SARO 5, inayopendwa na wakulima wengi wa bonde hilo, ni kazi ya watafiti wetu wenyewe. Waliozaa mbegu watashindwaje kupima pumzi yake?

Na wapo, hasa miongoni mwetu sisi tuliosoma, watakaosema kwamba mwongozo wa kimataifa umekwisha kusema. La hasha! Mwongozo huo huo unaziita tarakimu za jumla ngazi ya kwanza, yaani ngazi ya asiye na chake, na unazihimiza nchi zipande hadi ngazi ya pili kwa vipimo vyao zenyewe. Lawama hapa si ya waliotuazima kipimo. Ni ya kasumba yetu ya kuridhika nacho.

Basi hapana budi mambo matatu yafanyike. Kwanza, vipimo vyovyote vilivyolala katika tasnifu na makabati ya vyuo vyetu vitolewe, vikaguliwe na kupelekwa kwenye kanzidata ya vizidishi ya IPCC, ili anayeandika "mpunga, Tanzania" aone kitu. Pili, kila taarifa ya kaboni inayotiwa saini katika ofisi ya umma iandike waziwazi kizidishi kilichotumika, cha mwaka gani, na kimetoka shamba la nani. Tatu, walimu wa hesabu na sayansi waifanye hesabu hii ubaoni, ili mtoto wa mkulima aweze kumuuliza mnunuzi wa kaboni swali ambalo baba yake hakuweza kumuuliza mwenye lori: hiki kipimo chako, kimepimwa wapi?

Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Dakawa ina udongo wake, maji yake na mbegu yake. Ipewe na kipimo chake.