Ruta Nayo ni Mlango wa Nyumba

Visiwa vyetu si vigeni katika mambo ya mawasiliano. Mwaka 1879 waya wa simu ya maandishi ulitandazwa chini ya bahari kutoka Aden hadi Unguja, ukaendelea kusini hadi Msumbiji na Durban. Tangu hapo habari iliyokuwa ikingojea pepo za kaskazi ikawa inafika kwa muda wa saa chache tu. Mwaka 1980 umeme kutoka Bara nao ulipita chini ya bahari na kutokeza Fumba, na mwaka 2010 ikawa zamu ya Pemba kuunganishwa kutoka upande wa Tanga. Leo kinachoingia majumbani mwetu ni intaneti, na mahali inapoingilia ni kisanduku kidogo chenye taa zinazomemeteka, ambacho wengi wetu tunakiita ruta.

Tumeona yafaa kukizungumza kisanduku hicho katika safu hii kwa sababu mambo yanayopita ndani yake si ya anasa tena. Mzazi wa Wete hutafuta humo matokeo ya mtihani wa mwanawe. Mfanyabiashara hulipia humo kodi na ada za Serikali. Mwenye nyumba ya wageni huko Jambiani au Nungwi hupokea humo maombi ya wageni walioko nchi za mbali. Mtumishi wa Serikali asiyemaliza kazi ofisini huifungua tena usiku sebuleni kwake. Iwapo kisanduku hicho kimewekwa ovyo, basi mambo yote hayo yamewekwa ovyo.

Desturi iliyozoeleka ni hii. Fundi hufika, huchomeka ruta kwenye umeme, hutia laini au huunga waya wa mkongo, kisha humsomea mwenye nyumba neno la siri lililoandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya chombo. Simu ikishika mtandao, kazi imekwisha, fundi analipwa na kwenda zake. Hakuna aliyemweleza mwenye nyumba kwamba ruta ina maneno ya siri mawili, wala si moja. La kwanza ni la kuingilia mtandao, nalo ndilo wanaloombana wageni na watoto. La pili ni la kuingilia katika mipangilio ya ruta yenyewe, na mwenye kulijua anaweza kubadili kila kitu, hata kumfungia nje mwenye mali. Katika ruta nyingi, hasa za miaka ya nyuma, neno hilo la pili ni moja kwa maelfu ya vyombo vya aina ile, tena linajulikana dunia nzima.

Huo si uvumi wa kutisha watu. Mwaka 2016 programu ovu iliyopewa jina la Mirai ilizunguka duniani ikijaribu orodha fupi ya maneno ya siri ya kiwandani katika kamera na ruta za majumbani. Ilizikuta nyingi mno zikiwa wazi, ikazigeuza jeshi, na mwezi Oktoba mwaka huo jeshi hilo likasababisha tovuti kubwa za Marekani zisipatikane kwa saa kadhaa. Wenye nyumba wale hawakujua kwamba vyombo vyao vilikuwa vitani.

Kwetu hatari iko karibu zaidi. Ruta nyingi hutumia laini za simu, na laini hizo zimesajiliwa kwa alama za vidole za mtu mmoja. Ikiwa mpita njia atapenya katika mtandao wa nyumba na kutenda jambo lililokatazwa na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, nyayo za kwanza zitakazoonekana zitaelekea kwa mwenye laini. Huenda mwishowe akaonekana hana hatia, lakini atakuwa amekwisha kuitwa, kuhojiwa, na simu yake kuzuiliwa. Na hata pasipo kosa lolote, bando alilolinunua kwa mwezi mzima litamalizika kwa siku kumi asijue limekwenda wapi. Mali bila daftari huisha bila habari.

Kinga yake haihitaji elimu kubwa. Mwenye nyumba, au kijana wake aliyesoma, afungue katika simu au kompyuta anwani iliyoandikwa chini ya ruta, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Abadilishe maneno yote mawili ya siri, asitumie namba ya simu wala jina la mtoto, maana hayo jirani anayajua; maneno manne ya kawaida yasiyohusiana, yakiungwa pamoja, ni magumu kubahatishwa na mepesi kukumbukwa. Achague ulinzi ulioandikwa WPA2 au WPA3, akimbie ule wa zamani wa WEP ambao udhaifu wake umejulikana tangu mwaka 2001. Azime njia ya mkato iitwayo WPS. Mwisho aruhusu ruta ijisasishe yenyewe, kwani watengenezaji huziba nyufa kadiri zinavyogunduliwa, na usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hapa tunatazamia kuulizwa: je, sasa tumnyime jirani? Hatuandiki haya ili kuwafundisha watu uchoyo. Kugawana ni katika malezi yetu, na mtoto wa jirani anayesomea barazani kwa mtandao wa nyumba ya pili ni jambo la kusifiwa. Ruta nyingi za sasa zina mtandao wa wageni, ambao hufunguliwa kando na kupewa neno lake la siri. Mgeni hupata intaneti bila ya kufikia kompyuta na vyombo vingine vya mwenyeji. Ni sawa na kumkaribisha mtu sebuleni pasipo kumkabidhi funguo za kabati.

Jambo la pili ni malalamiko ya kasi. Hapana siku ipitayo bila ya kusikia kwamba mtandao ni mzito na kampuni zinawaibia wananchi. Baadhi ya malalamiko hayo ni ya haki. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika upande wa Afrika Kusini, na nchi kadhaa za Afrika Mashariki, yetu ikiwamo, zikapungukiwa mno na mawasiliano kwa siku kadhaa. Siku kama hiyo hakuna mwenye nyumba awezaye kufanya lolote. Lakini ni lazima tuseme pia kwamba sehemu ya uzito huo tunautengeneza wenyewe majumbani.

Ruta ni redio. Mawimbi yake hudhoofika yanapokutana na ukuta, na kuta za Mji Mkongwe, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ni nene kupita kiasi. Mabati, vioo vikubwa na matangi ya maji nayo huyazuia au kuyarudisha. Hata hivyo utaikuta ruta imefichwa ndani ya kabati la televisheni, au imelazwa sakafuni nyuma ya jokofu, kisha watu wa chumba cha mwisho wanalalamika. Mahali pake ni pa wazi, katikati ya nyumba, juu kidogo kuliko urefu wa meza. Ile inayotumia laini ya simu ina haja ya ziada ya kuusikia mnara vizuri, kwa hiyo isogezwe karibu na dirisha linaloelekea mnara, mradi isitupwe pembeni mno.

Yafaa ieleweke vilevile kwamba ruta nyingi hutoa mitandao miwili, mmoja wa masafa ya 2.4 na mwingine wa 5. Ule wa 2.4 huenda mbali na hupenya kuta kwa nafuu, lakini una msongamano, na jiko la mikrowevu huuvuruga. Ule wa 5 una kasi zaidi ila huchoka mapema. Aliye chumba kimoja na ruta atumie wa 5, na aliye nyuma ya kuta mbili atumie wa 2.4. Tano hiyo isichanganywe na mtandao wa simu wa kizazi cha tano; ni mambo mawili mbalimbali.

Na kabla ya kumlaumu mtu, mwananchi apime. Aunge kompyuta na ruta kwa waya, apime kasi hapo, kisha apime tena chumbani bila ya waya. Ikiwa hata kwa waya kasi ni ndogo, kosa liko nje, na ana haki ya kuidai kampuni akiwa na ushahidi mkononi. Ikiwa kwa waya ni nzuri na chumbani ni mbaya, basi dawa imo ndani ya nyumba yake.

Tumesema wajibu wa mwananchi. Sasa tuwageukie wenye mamlaka, kwa maana si haki kumbebesha mkulima wa karafuu wa Micheweni mzigo ambao kiwanda, muuzaji na Serikali wameukwepa. Nchi nyingine zimekwisha kutambua hivyo. Katika jimbo la California huko Marekani, tangu Januari 1, 2020, sheria inawataka watengenezaji wa vyombo vinavyounganishwa na intaneti waache kuvipa vyote neno moja la siri. Uingereza nayo iliweka katazo la namna hiyo kuanzia Aprili 29, 2024, na ikawabana si watengenezaji tu bali na waagizaji na wauzaji pia.

Tunajua kwamba mawasiliano ni jambo la Muungano, na kwamba kuvithibitisha vyombo hivi kabla ya kuuzwa ni kazi ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Basi na wawakilishi wetu walifikishe shauri hili huko: ruta yenye neno la siri la pamoja isithibitishwe. Lakini lisiwe kisingizio cha kukaa tukingoja, kwa sababu yako mengi yaliyo ndani ya uwezo wetu. Vyuo vya amali vinaweza kumfunza fundi kwamba kazi haijakwisha mpaka mwenye nyumba amebadilisha maneno ya siri kwa mkono wake mwenyewe. Baraza la Kiswahili la Zanzibar linaweza kuandaa istilahi na karatasi moja ya maelekezo kwa lugha nyepesi, kwani vitabu vinavyokuja na vyombo hivi ni vya Kiingereza, na asiyefahamu anachosoma hawezi kulaumiwa kwa kutokitekeleza. Wauzaji nao wanaweza kutakiwa waitoe karatasi hiyo kwa kila mnunuzi.

La mwisho, Serikali ianze na nyumba yake. Ofisi za umma, skuli, vituo vya afya na afisi za masheha zinatumia ruta zilezile. Mara ngapi neno la siri la ofisi limebandikwa ukutani mapokezi, likasomwa na kila apitaye? Mara ngapi mtumishi amehamishwa, na neno hilo likabaki vilevile mwaka mzima? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa za watu zilindwe. Faili la mgonjwa lililofungiwa kabatini kwa kufuli, huku nakala yake ikipita katika ruta isiyofungwa, halijalindwa.

Tusisahau kwamba visiwa vyetu vimekwisha kuonja ubaya wa kutegemea kitu bila ya kukiangalia. Mwishoni mwa mwaka 2009 Unguja ilizimikiwa na umeme kwa muda wa miezi mitatu, na ndipo tulipojua thamani ya waya uliokuwa chini ya bahari. Ruta ni kitu kidogo mno ukilinganisha na waya ule, na kuitengeneza ni kazi ya nusu saa. Wazee wetu waliochongesha milango yao kwa gharama kubwa hawakumwachia seremala aondoke na funguo. Nasi tusimwachie mtu asiyejulikana funguo za mlango huu mpya.