Kabla Hujahamia Kinuni

Msomaji mmoja ambaye ni mja mzito ameniandikia kwa furaha. Mumewe amenunua shamba huko Nyatike, na ndani yake mna jumba kuukuu la kinu, kuta imara na mabati mazima. Wanataka kuligawa vyumba wahamie na watoto kutoka Nairobi. Huenda nawe, msomaji mpenzi, una tamaa kama hiyo. Saruji ni ghali na karo haingoji.

Lakini hebu ngoja. Wazee wa Kiluo watakuuliza kama umekuja na jogoo, shoka na moto wa kuanzishia boma. Mimi nina swali moja tu: kinu hicho kilisaga nini?

Mgodi wa Macalder, hapo hapo Nyatike katika Migori, ulifungwa mwaka 1966, lakini wachimbaji wadogo wangali wanatafuta dhahabu pande hizo. Mawe husagwa, unga ukaoshwa, kisha ukachanganywa na zebaki ili ishike chembe za dhahabu. Donge linalopatikana huchomwa juu ya makaa. Zebaki hupaa kama mvuke, dhahabu ikabaki. Ikiwa kazi hiyo ilifanyiwa ndani, mvuke ulitua kutani na matone yakajificha katika nyufa za sakafu. Jua la adhuhuri likipiga mabati, hupaa tena. Mvuke huo hauna harufu wala rangi. Hudhuru ubongo na figo, na walio hatarini zaidi ni watoto wadogo na yule aliye tumboni.

Kwa hiyo usifagie, maana ufagio huitawanya. Wala usidhani rangi mpya itatosha. (Fundi atakuambia yatosha, fundi halali humo.) Waulize NEMA wakuelekeze kwa wataalamu wa kupima udongo na hewa kabla hujanunua hata msumari. Zebaki ikipatikana, jenga mbali na hapo, hata kama ni chumba kimoja.

Ghala la pamba, kama lile unaloweza kuuziwa pande za Homa Bay, lina nafuu. Hapo tazama paa. Likiwa la asbesto, usilitoboe wala usilivunje mwenyewe. Kanuni za mwaka 2006 ziliihesabu asbesto kuwa taka hatari. Kisha fungua madirisha mapana upepo wa ziwa upite, kwani ghala hujengwa kwa ajili ya marobota, si watu.

Nawe dada, umesema tayari mnalala humo na umeanza kupaka chokaa. Weka brashi chini. Leo hii nendeni mkalale kwa shemeji, na zahanati uwaambie ulikolala.