Kwani Bila Simba Hakuna Safari?

Katika mkutano wa wazazi hapa Kakamega nilipendekeza watoto wapelekwe Buyangu, katika Msitu wa Kakamega. Watu walicheka. "Huko kuna nini? Hata simba hakuna," mzee mmoja akasema, na safari ikawa ya Nakuru, kwenye simba.

Imani hii, kwamba pasipo simba hapana utalii, tuliikuta kwenye matangazo ya kuvutia wageni, tukaimeza bila kutafuna. Lakini msitu huu wetu ni kipande pekee kilichosalia Kenya cha msitu wa mvua wa jamii ya Kongo. Kulukulu mkubwa wa buluu, ndege mwenye kishungi cheusi, hukimbia juu ya matawi kama kuku aliyefukuzwa jikoni, kisha hujitupa hewani hadi mti wa pili. Huko Kisere, sehemu ya msitu huohuo, yuko tumbili mwenye ndevu nyeupe aliyebandikwa jina la kalasinga. Simba, mtoto amemwona kwenye televisheni hadi amemchoka, huyu je?

Nakubali, msituni unaweza kutembea saa nzima usione ila majani. Kule Maasai Mara gari hukusogeza hadi puani pa mnyama. Hapa kazi ni ya shingo na masikio. Anayekuongoza anasimama ghafla, anainua kidole, nawe husikii kitu, mpaka hondohondo anapopita juu na mabawa yake yakavuma mithili ya mtu anayepepeta mahindi.

Historia nayo tunaikanyaga kila siku. Sheria ya kikoloni ya 1930 iliahidi kwamba ardhi za Waafrika hazingeguswa. Dhahabu ikapatikana hapa 1931, na kabla ya 1932 kwisha sheria hiyohiyo ikarekebishwa ili wachimbaji wapate njia. Ahadi gani hiyo isiyomaliza miaka mitatu! Mgodi wa Rosterman ulifungwa 1952, na leo kwa wengi wetu jina hilo ni la mtaa tu. Lile jiwe la Ilesi linalotiririkwa na maji kama machozi, abiria wa matatu za Kisumu hulipita wakitazama simu.

Basi la shule liliondoka saa kumi alfajiri kupitia barabara ya Webuye. Lilipofika njia panda ya Buyangu kulikuwa bado giza, na watoto walikuwa wamelala.