Mali kwa Mali Jukwaani

Mwaka 1933 uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka. Waigizaji wa New York walilala njaa, hali wakulima wa Virginia walikosa wanunuzi wa mazao yao. Ndipo Robert Porterfield, mwana wa Virginia, alipowaleta wenzake katika mji mdogo wa Abingdon wakafungua ukumbi wa michezo ya kuigiza. Kiingilio kilikuwa senti 40, ama mayai, mboga au maziwa ya thamani hiyo. Mama apimaye maharagwe mlangoni hakusamehewa kiingilio. Alilipa, akaketi kwa heshima yake. Nadhani hilo ndilo lililouokoa ukumbi ule, ungali wazi hata leo. Msimu wa kwanza ulipokwisha, sandukuni zilibaki dola 4 na senti 35 tu, lakini waigizaji walikuwa wamenenepa.