Acheni Kumlisha Marie Antoinette Maneno

Kila ninaposoma makala kuhusu Petit Trianon, lile kasri dogo ndani ya bustani za Versailles, najua sentensi gani inakuja: eti wananchi wakikosa mkate, wale keki. Jamani, tumechoka! Rousseau alisimulia kisa hicho katika Confessions bila kumtaja binti mfalme huyo kwa jina, tena aliandika kabla Marie Antoinette hajakanyaga Ufaransa mwaka 1770. Sisi tunaojiita wasomaji tunakirudia vipi bila hata kufungua kitabu?

Mtasema ni kosa dogo. Siyo. Uongo huu unamwokoa mshtakiwa halisi. Ukishamfanya malkia kuwa mjinga asiyechunga mdomo, tatizo linakuwa ni tabia ya mwanamke mmoja, na mfumo mzima unatokea mlango wa nyuma.

Ushahidi mzito uko kwenye jengo lenyewe. Gabriel alilijenga kati ya 1762 na 1768 kwa amri ya Louis XV: mistari iliyonyooka, nguzo za Kikorintho, hakuna mbwembwe. Lakini ndani, zilibuniwa meza za kupanda kutoka chini zikiwa zimeshaandaliwa, ili walaji wasimwone mtumishi. Hazikuwekwa, ila wazo lenyewe linatosha. Marie Antoinette alipopewa kasri na mumewe mwaka 1774, naye akaja kuweka vioo vinavyoinuka na kuziba madirisha. Huko nje, kuanzia 1783, Mique akamjengea kijiji cha mapambo, ng'ombe wakiwemo.

Sasa hebu tuje kwenye fasihi. Agosti 1785, katika ukumbi wake mdogo wa maigizo hapohapo Trianon, malkia alicheza Rosine katika Le Barbier de Séville ya Beaumarchais. Figaro, yule mtumishi mjanja, alichezwa na shemeji yake, Comte d'Artois. Na ni Beaumarchais huyohuyo ambaye Le Mariage de Figaro yake, ambamo mtumishi anamzidi bwana wake akili, ilizuiwa na mfalme hadi 1784!

Yaani mtumishi wa kweli afichwe chini ya sakafu, halafu mwana wa mfalme avae nguo zake jukwaani apigiwe makofi. Hapo ndipo penye kesi. Wenye kisa kama hicho mkononi bado mnatuletea keki? Anayetaka kuilaani Trianon na ailaani, nitamuunga mkono. Ila asome kwanza.